Kakule Waliyemwita Mexique

Beni, siku ya Yenga, baada ya misa ya pili

Yaya wangu Masika,

Wavukire, yaya. Nakuamkia wewe na wote wanaoota moto kwako asubuhi hii. Mimi niko, Mungu ananilinda. Mwili hauna neno, ila joto la Beni sijalizoea mpaka leo. Nikifunga macho naona ukungu wa Alimbongo unavyoshuka hadi kwenye kabichi, na ninyi mnatembea mmejitanda vitenge viwili viwili. Hii ni barua ya tatu tangu mvua zianze, na jibu sijapata hata moja. Sikulaumu, yaya. Wanasema barabara ya kusini leo imefunguliwa, kesho imefungwa, na makaratasi ya watu yanasomwa kwenye vizuizi kabla hayajafika kwa wenyewe. Ila nakuandikia tu, kwa sababu nisipoandika naweza kupitisha siku ya Yenga nzima bila kutoa neno kinywani, isipokuwa yale ya kujibu misa.

Najua hukupenda nilipobaki huku baada ya mume wangu kufariki. Ulisema rudi, na mimi nikasema nina wanafunzi. Ni kweli ninao. Lakini wakienda zao saa saba mchana, nabaki na chumba na dirisha lake moja. Nachuma sombe, majani ya muhogo kidogo ya mtu mmoja, napika, nakula nikiwa nimesimama, halafu nashangaa saa bado ni tisa tu.

Leo nataka kukuandikia habari za Mexique. Bila shaka wimbo wake umefika hata kwenu sokoni, na mmesikia kwamba hakufa. Nataka uipate habari hii kutoka kwangu, kwa maana nilimjua kabla hajawa Mexique, tena kuna jambo nililomfanyia ambalo sijamwambia hata padri.

Unakumbuka nilipoanza kazi Butembo nilipanga chumba Bulengera, kwa mjane mmoja muuza makala, yale makaa ya kupikia. Ni Mama Kahindo, yule aliyekupa ndizi siku ulipokuja kunitazama. Mwanaye ndiye Kakule. Jina lenyewe linakuambia alikuwa mtoto wa kiume wa nne. Watatu waliomtangulia walikufa wadogo, akabaki yeye na mama yake, na magunia ya makala. Nilikaa kwao miaka minne. Alikuwa ananichotea maji bila kuombwa, na jioni alikaa mlangoni akimenya maharage ya mama yake huku ameegemeza daftari kwenye goti. Alipofika darasa la sita la humanités, la mwisho wa sekondari, akawa mwanafunzi wangu. Kijana mrefu tayari, sauti imeshakuwa nzito, wa kuketi dawati la nyuma.

Siku moja nilifundisha mapinduzi ya Mexico. Kitabu cha historia kilikuwa kimoja kwa shule nzima, gamba limetoka, na kwenye ukurasa ule palikuwa na picha ya mwanaume mwembamba mwenye masharubu manene, kofia pana kama ungo, na mikanda ya risasi imepishana kifuani. Jina lake lilikuwa la Kihispania, likawashinda. Kila aliyejaribu kulitamka, wenzake walianguka kicheko, hata mmoja akasema, “Mwalimu, tumuite tu Mexique.” Basi likawa hilo, jina la nchi yake kwa Kifaransa.

Niliwaeleza kwamba huyo mtu alitoka katika kijiji cha wakulima ambao matajiri wa miwa waliwanyang’anya mashamba. Wazee wa kijiji walikuwa na karatasi za zamani zinazoonyesha mipaka ya mashamba yao, wakamchagua yeye, angali kijana, azitunze. Alipoona ofisi hazimsikilizi, akashika bunduki. Na alipopata nguvu hakungoja. Aligawa mashamba palepale, vita vikiendelea. Siku alipoingia katika mji mkuu wakamwonyesha kiti cha rais, wakamwambia akikalie, akakataa.

Yaya, darasa lilinyamaza nikasikia mbuzi wa jirani. Unajua mambo ya ardhi kwetu yalivyo. Unajua mlima mzima unaweza kuwa wa mtu mmoja mwenye karatasi ya bureau ya ardhi, na waliouvunjia majembe wanateremka kutafuta bondeni. Watoto wale walikuwa wanalijua jambo hilo kutoka nyumbani kwao. Kakule akainua mkono, akauliza, “Mwalimu, ile makaratasi ya mashamba, iliishia wapi?”

Nikamjibu kwamba mwisho wa habari hiyo tutauona katika somo lijalo. Kengele ilikuwa imeshalia.

Somo lijalo halikuwepo. Asubuhi iliyofuata masasi ya bunduki yalilia upande wa soko, tukakimbia, na shule ikafungwa kwa miezi. Ilipofunguliwa madawati mengi yalikuwa matupu. Shamba la mjomba wake Kakule, ambalo ndilo lilikuwa linamlisha yeye na mama yake, lilikuwa limechukuliwa na mkubwa mmoja aliyekuja na askari, na mjomba alipigwa mpaka mkono ukavunjika. Kakule akaenda mlimani, kwa wapiganaji. Watu wakimuuliza Mama Kahindo, anajibu, “Ameenda kutafuta kuni.” Miezi ikapita, jibu likawa lile lile. Nami nikaolewa, nikaja Beni, na mengine unayajua.

Tukaanza kusikia jina. Kwanza tulidhani ni mgeni, mtu wa nje. Chef Mexique amefukuza askari kwenye kijiji fulani, Chef Mexique amevaa kofia ya majani pana kuliko mabega yake. Vijana wa kusukuma chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, wakatunga wimbo, wa maneno machache tu, kwamba Mexique akifika mlimani jembe linarudi kwa mwenyewe. Nilikuwa nausikia nikienda kazini. Siku moja mwanamke mmoja kutoka Bulengera akaniambia, “Mwalimu, hujui? Ni mutoto wa Mama Kahindo.” Nilirudi chumbani nikakaa kitandani na viatu vyangu. Sikujua kama nifurahi au nilie. Nilijua tu jina lile lilitoka katika kinywa cha darasa langu.

Mwaka jana nilitumwa Butembo kuchukua vitabu vya shule. Wakati wa kurudi, mchana kati, pikipiki iliyonibeba ikasimamishwa na wapiganaji. Walifungua mzigo wangu, wakaona vitabu, wakauliza mimi ni nani. Nilipotaja jina, mmoja akaondoka mbio, na aliporudi akasema chef ananiita. Tukapanda kilima kwa mguu, katikati ya kahawa ambayo haijapaliliwa siku nyingi. Nilikuwa nasali, yaya, bila kupanga maneno.

Nikamwona amesimama chini ya kibanda cha majani. Kofia ile ile, mikanda ile ile imepishana. Masharubu ndiyo yalikuwa bado machache.

“Mwalimu Kavira! Ni weye kweli?”

Akanishika mikono miwili. Akaagiza kiti, kikaja kimoja tu, akanikalisha mimi, naye akaketi chini, na wapiganaji wake, kama thelathini hivi, wakakaa kutuzunguka. Akauliza, “Mama iko?”

“Iko. Anasema ulienda kutafuta kuni.”

Alicheka, halafu akaacha kucheka, akaanza kung’oa nyasi pale alipokaa.

Tukiwa tunaongea hivyo mzee mmoja akasogea, kofia mkononi, akapiga goti. “Chef, minaomba. Shamba yangu ya viazi, batu yako bamepanda yabo. Niko na bajukuu sita ku nyumba.”

Kakule akamwambia bila kumtazama, “Vita ikiisha, muzee, utalipata.”

Sijui nini kilinituma. Labda ni kiti, kwa sababu nilikuwa juu na yeye alikuwa chini, kama darasani. Nikasema, “Kakule, yule wa kitabu hakungoja vita iishe.”

Mpiganaji mmoja nyuma yangu akasogeza bunduki, nikasikia chuma. Kakule akatupa nyasi alizong’oa. Kisha akamwambia mzee, “Kesho shika jembe yako, ulime. Mutu akikuuliza, sema ni mimi nimekuruhusu.” Na mimi akaniambia polepole, “Uko na haki, mwalimu. Huku juu batu bananipigia tu mikono. Hakuna mwenye ananisahihisha.”

Na mzee alilima kweli. Mpishi wa parokia ametoka kijiji hicho, ndiye aliyenipa habari.

Ninafika sasa kwenye jambo lenyewe. Nilipokuwa nainuka kwenda zangu, Kakule akasema, “Ngoja. Hatukumalizaka somo, mwalimu. Mexique mwenyewe, aliishia namna gani?”

Wote wakanigeukia. Yaya, mwisho wake nilikuwa naujua neno kwa neno, nimeufundisha kwa madarasa mengine. Ofisa mmoja wa upande wa serikali alimtumia ujumbe, akajifanya amechoka na wakubwa wake na anataka kuja upande wake, tena na risasi za zawadi. Akamwalika. Askari wakapangwa mstari mlangoni kumpa heshima, tarumbeta ikapigwa, bunduki zikainuliwa kana kwamba ni saluti. Tarumbeta ilipomaliza, wakampiga risasi kutoka karibu kabisa.

Nilimtazama Kakule amekaa chini, goti moja juu, vilevile alivyokuwa anakaa mlangoni kwa mama yake na maharage. Niliogopa, sitakuficha. Niliwaogopa wale watu na bunduki zao. Lakini si woga peke yake. Nilitaka kumwacha na furaha aliyokuwa nayo usoni. Nikasema, “Alizeeka. Alirudi kijijini kwake, akalima, akafia kitandani, wajukuu wamemzunguka.”

Wakapiga makofi, wengine wakapiga vigelegele kama wanawake. Kakule akapiga paja lake. “Munaona? Si niliwaambia!” Akanifungia kuku jike kwa kamba, akawaamuru wawili wanisindikize hadi barabarani. Njia nzima kuku huyo alikuwa mikononi mwangu, moyo wake unapiga kwenye kiganja changu, na mimi najiambia kwamba sijafanya ubaya wowote, nimemfurahisha mtu mara moja katika shida zake.

Halafu, mwaka huu, kabla ya mavuno ya maharage, ofisa mmoja wa askari akamtumia ujumbe. Alimwambia amechoka na vita, wakae waelewane, kutakuwa na ng’ombe wa kuchinja na risasi za kugawana. Ninayokuandikia nimeyapata kwa mpiganaji mmoja aliyekimbia, ambaye sasa anafyatua matofali karibu na shule. Anasema wengi walimkataza. Mmoja alimwambia, “Chef, hii ni mutego.” Kakule akajibu kwamba Mexique wa kwanza alizeeka, akafia kitandani, na mwalimu wake mwenyewe ndiye aliyemwambia. Akachukua watu saba, wengine akawaacha ng’ambo ya mto. Waliokuwa ng’ambo hawakusikia mapigano. Walisikia masasi mara moja tu, mengi, halafu basi.

Huyo mfyatua matofali alinisimulia hayo bila kujua mimi ni nani. Nilimshukuru, nikaenda kufundisha hesabu.

Siku ya Posho asubuhi, kesho yake ikiwa Yenga, askari waliuleta mwili, wakaulaza juu ya turubai karibu na soko, watu waone. Shule ilikuwa imefungwa siku hiyo, hakuna aliyenilazimisha kwenda. Nilikwenda. Kofia walikuwa wamemwekea kifuani. Uso ulikuwa umevimba, na mtu angeweza kusema ni yeye, na mwingine akasema siye. Mimi nilitazama mkono wa kushoto. Miaka miwili kabla hajaingia darasa langu aliangukia mbabula, jiko la makala la mama yake, lililojaa moto, na mimi ndiye niliyempaka ute wa yai juu ya kidonda kwa wiki mbili. Kovu lilikuwa pale, limezunguka kiwiko, nilivyoliacha. Miguu yake ilikuwa mitupu. Askari mmoja akauliza, “Nani anamujua huyu?” Hakuna aliyejibu, na mimi sikujibu. Nikapita upande wa pili wa soko, nikanunua chumvi ambayo sikuihitaji.

Kabla jua halijashuka nilisikia kwa mara ya kwanza, kwa wanawake wa mihogo: “Haiko yeye. Mexique alikuwa na mwanya ku meno. Ule hapana.” Kesho yake ikawa ameonekana Masereka juu ya farasi. Yaya, farasi Masereka! Wiki iliyofuata wimbo ulikuwa umeongezwa ubeti. Kinyozi wa hapa njiani amechora ukutani uso wa Kakule, akampa masharubu manene ambayo Mungu hakuwahi kumpa. Na mfanyabiashara mmoja amefungua balo la nguo kuukuu akakuta ndani tisheti zenye picha ya yule wa kitabu, yule wa kweli, na watu wakazigombania wakisema ni Kakule, wazungu wamemchapa kwenye nguo. Hata askari nimewaona wamezivaa. Wamekaa mbele ya bar na uso ule kifuani.

Alipita hapa parokiani padri mmoja mgeni aliyewahi kuishi Mexico. Nikamuuliza kama kule bado wanamkumbuka yule wa kitabu. Alicheka. Akasema kule yuko kwenye kuta, kwenye vikombe, kwenye chupa za pombe. Akasema wakubwa wanatundika picha yake katika ofisi zao, na wakulima wanaowapinga hao wakubwa wanaandamana na picha ile ile. Na wazee wa vijijini walikataa maiti yake, wakasema haikuwa na alama fulani mwilini, kwamba yeye yuko milimani na farasi wake. “Na mashamba, padri?” nikauliza. Akainua mabega. Akasema mengine walirudishiwa, mengine bado wanayadai.

Nilidhani nitalibeba jambo hili peke yangu, nishapata mazoea ya kubeba. Lakini Alhamisi ya juzi, nikiwa nasahihisha madaftari, nilisikia hodi, na mlangoni alikuwa Mama Kahindo. Amekonda. Amefika na gari la mizigo kutoka Butembo, na mfuko wa kitambaa ameukumbatia. Hakukubali kiti, akaketi kwenye mkeka, akanyoosha miguu.

“Ku Bulengera bananipongeza,” akasema. “Bananiletea bugali, bananiletea sukari. Banasema mutoto wako hafe, masasi inamukataa. Mimi siwezi kulia, juu nikilia watasema nimemuroga. Siwezi kufurahi. Nimebaki tu hivi. Banasema weye mwalimu uliona. Ni yeye?”

Nilitazama madaftari. Nilifikiri, nikimwambia siye, atarudi kwake na sukari yake, atamngoja mpaka afe, kama alivyongoja kuni. Ilikuwa rahisi, yaya. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, nilishawahi kuyasema mengine ya namna hiyo.

“Ni yeye, mama,” nikasema. “Niliona kovu la mbabula.”

Alishika vidole vya miguu yake, akavibana. Na kwa kuwa nilikuwa nimeanza, nikamweleza yote: kilima, kiti, swali, na jibu nililotoa. Nilimweleza mwisho wa kweli wa yule wa kitabu, na namna Kakule alivyowajibu waliomkataza. Nilikuwa nalia nikashindwa kumwona vizuri.

“Ulimudanganya,” akasema.

“Ndiyo, mama.”

“Na ungemuambia kweli, angekusikia?”

“Sijui.”

“Na mimi sijui,” akasema. “Alikuwa na kichwa ngumu tangu mudogo.” Kisha akauliza, “Alikuwa na viatu?”

Nikamwambia hapana, miguu ilikuwa mitupu.

Akafungua mfuko wake. Ndani mlikuwa na viatu vyeusi, vipya, nyuzi hazijawahi kufungwa. Alikuwa ameviweka kwa ajili ya siku Kakule atakapopata diploma yake. Miaka yote ile alikuwa anavipaka mafuta ngozi isikauke.

Mchimba kaburi wa parokia ni mtu mwema, alituonyesha mahali walipomfukia, nyuma ya uwanja wa zamani wa kuanika kahawa. Hakuna msalaba, udongo tu, na nyasi zimeshaanza. Mama Kahindo aliviweka viatu juu ya udongo, kimoja kando ya kingine, vidole vikielekea Butembo. Tukapiga magoti. Barabarani chini walikuwa wanapita vijana wa chukudu, wanausukuma mzigo wa mbao na kuimba ule ubeti mpya, kwamba Mexique amelala kwa jicho moja. Nikainuka niende niwanyamazishe.

“Baache,” akaniambia. “Bao banalilia Mexique. Mimi nilizaa Kakule.”

Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa Kinande, akimwita kwa majina ya utotoni ambayo hata mimi niliyekaa nyumbani kwake sikuwahi kuyasikia. Nilimshika mabega, akaniacha nimshike. Tulipoinuka aliviokota viatu, akavipangusa udongo, akasema, “Bataiba,” akavirudisha mfukoni.

Siku hiyo hakula kwangu. Nilipika kuku mzima, akasema hana njaa. Asubuhi alikunywa chai na kiazi kitamu kimoja. Nilimsindikiza mpaka penye magari. Alipokwisha kupanda juu ya magunia alinitazama kutoka kule juu, akasema, “Chumba yako ya zamani sijamupangisha mutu.” Gari likaondoka. Tangu siku hiyo najiuliza kama alikuwa ananikaribisha au alikuwa ananihukumu. Nimeligeuza neno lile pande zote. Ukilielewa wewe, niandikie.

Ndiyo hayo, yaya. Ukisikia wimbo sokoni usibishane na watu, waache. Ila wewe ujue. Na uniombee kwa kosa langu. Mimi nikijaribu kusali naishia katikati.

Nisalimie sana shemeji yangu, bwana wa nyumba yako, na umwambie asipande kabichi karibu na barabara mwaka huu, magari ya askari hayachagui. Msalimie katekista wetu aliyenifundisha kusoma. Msalimie yule jirani wa juu, mama wa mapacha, aliyekuwa ananisuka nywele. Wajomba wote wa upande wa mto, na wake zao, uwafikishie mkono wangu.

Kwa Mama yetu sijui niandike nini. Barua hii nampa dereva wa viazi, yule anayelala kwenu Alimbongo kila safari. Jana nilimuuliza, “Mama yangu yuko namna gani?” Alianza kukaza kamba za mzigo ambazo zilikuwa zimekazwa tayari. Nikamuuliza mara ya pili, akasema, “Dada yako atakuandikia.” Basi, yaya, niandikie. Usitafute maneno ya kunipunguzia. Usiniambie anakohoa kidogo tu, wala kwamba ananisalimia, kama sivyo. Weka kwenye karatasi jambo lilivyo, hata likiwa mstari mmoja, umpe dereva huyu huyu. Atanikuta mlangoni.

Ni mimi mdogo wako niliyenyonya ziwa moja nawe,

Kavira